Maji ya Kidimbwi Yamekwenda Wapi? Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Mtoto Mzunguko wa Maji

Mtoto wa miaka mitano akiona kidimbwi kimekauka husema maji yameisha. Kwa anachokiona hajakosea: asubuhi yalikuwapo, mchana hayapo. Kazi yako ni kumtoa kwenye neno "yameisha" na kumfikisha kwenye neno "yamehama". Akilishika hilo, mawingu, mvua, visima na mito vitampangikia vyenyewe. Asipolishika, atachora mishale mizuri ya bluu daftarini na bado ataamini kwamba jua liliyanywa maji yakaishia tumboni mwake.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mchoro. Unaanza na maji yenyewe, sakafuni, kwenye glasi, kwenye beseni na kwenye chupa. Umefaa kwa watoto wa miaka 4 hadi 8, nyumbani au chekechea. Yako majaribio manne, na ni vizuri yafanyike siku nne tofauti kwa mpangilio huu huu, maana kila moja linajibu swali lililoachwa na lile la jana. Ukiyabana yote katika asubuhi moja, mtoto atakumbuka michezo na kusahau maji.

Vifaa ni vya nyumbani: chaki au kipande cha mkaa, kikombe cha chai, glasi mbili zinazofanana, bakuli la plastiki angavu, vipande kumi vya barafu, rangi ya chakula, beseni dogo lenye kimo cha sentimita 10 hivi, kikombe kifupi kizito cha udongo, nailoni angavu ya kufunikia madaftari, kamba au mpira wa kufungia, chumvi, kokoto, mchanga, udongo wa bustani, chupa ya plastiki ya lita 1.5, chupa nyingine yenye kizibo na msumari.

Siku ya kwanza: kidimbwi na chaki

Anza saa tatu asubuhi, siku yenye jua. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Mwaga nusu kikombe cha maji mahali pamoja, kisha mwaga nusu nyingine hatua mbili pembeni. Mwache mtoto azungushie chaki ukingo wa kila kidimbwi. Kimoja kiache wazi. Kingine kifunike kwa lile bakuli angavu, mdomo chini, likikaa vizuri sakafuni.

Kila baada ya dakika 20 rudini pamoja. Kwenye kidimbwi kilicho wazi mtoto achore ukingo mpya. Baada ya mara tatu au nne atakuwa na pete ndani ya pete, na hiyo ni picha ya maji yakiondoka. Sasa mwonyeshe bakuli. Ndani yake, juu kabisa, kumejaa matone madogo. Usimweleze chochote kwanza. Muulize: "Haya yamefikaje huku juu, na sisi tulimwaga chini?" Mpe muda. Wengi hujibu wenyewe kwamba yamepanda.

Hapo ndipo maelezo yanapofaa, na yawe mafupi. Maji ni vichembe vidogo mno, vidogo kuliko kitu chochote ambacho jicho linaweza kuona. Jua linavipa nguvu, vinaruka kimoja kimoja na kuchanganyika na hewa. Vikiwa vimetawanyika hivyo havionekani, na hali hiyo tunaiita mvuke. Kitabu cha shule kitaita tendo lenyewe mvukizo, lakini kwa siku ya kwanza neno "kupanda" linatosha.

Mambo yanayoharibu jaribio hili ni machache. Ukimwaga maji kwenye udongo, ardhi itayanyonya na mtoto atakuwa sahihi kusema yameingia chini. Hilo ni somo la siku ya nne, usilichanganye hapa. Sakafu yenye mteremko itayatiririsha. Na ukimwaga jagi zima, mchana utafika kidimbwi bado kipo na subira ya mtoto imekwisha. Kikombe kimoja kwa vidimbwi viwili kinatosha.

Kuna kosa la watu wazima ambalo hulazimu kurekebishwa mapema: kusema maji hugeuka mvuke pale tu yanapochemka. Huchemka kwenye sufuria, ndiyo, lakini nguo kwenye kamba hazichemki na zinakauka. Mwonyeshe mtoto kitambaa kilichotandazwa na kingine kama hicho kilichokunjwa, vyote vikiwa vimelowa sawasawa. Kilichotandazwa hukauka kwanza kwa kuwa uso wake ulio wazi kwa jua na upepo ni mkubwa zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, bahari ambayo ni pana mno hupandisha mvuke mwingi kila siku bila kuchemka hata kidogo.

Siku ya pili: jasho la glasi

Jana maji yalipanda. Leo swali ni kama yanaweza kurudi. Jaza glasi mbili maji kwa kiasi sawa. Moja iache hivyo hivyo. Ya pili tia rangi nyekundu ya chakula na vipande vinne au vitano vya barafu. Pangusa glasi zote nje ziwe kavu kabisa, na mtoto azishike athibitishe.

Pwani, kama Tanga au Mombasa, glasi ya barafu itaanza kutoa jasho ndani ya dakika chache. Muulize mtoto maji ya nje yametoka wapi. Jibu la karibu kila mtoto ni kwamba glasi inavuja. Rangi iliwekwa kwa ajili ya jibu hilo. Mpe karatasi laini nyeupe apanguse nje ya glasi. Karatasi inalowa, lakini haina wekundu. Maji ya ndani ni mekundu na haya ni meupe, basi hayakutoka ndani. Mwelekeze kwenye glasi ya pili: ina maji pia, na nje ni kavu. Kilichotofautisha ni baridi.

Maelezo yake: hewa ya chumba ina mvuke tusiouona. Mvuke huo ukigusa kitu baridi, vile vichembe vinapungukiwa nguvu, vinakaribiana, vinashikana na kuwa tone. Mtoto ameshaona jambo hili mara nyingi bila kulipa jina: umande kwenye majani alfajiri, soda iliyotolewa friji, kioo cha gari wakati wa mvua, matone chini ya mfuniko wa sufuria ya wali.

Mahali pakavu, kama Dodoma au Lodwar wakati wa kiangazi, jasho linaweza kuwa jepesi au lisionekane kabisa. Jaribio halijashindwa, hewa ya pale ina mvuke kidogo. Sogeza glasi jikoni wakati chungu kinachemka, au mwambie mtoto aipumulie kwa karibu. Pumzi yake ina mvuke wa kutosha kuacha ukungu kwenye glasi.

Kuhusu sufuria na birika: mtu mzima ndiye ashike mfuniko, mtoto akae mita moja na nusu kutoka jikoni. Mvuke wa maji yanayochemka unaunguza kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ukigusa ngozi unageuka maji na kuachia pale joto lote uliobeba. Ukiwa umbali salama, mwonyeshe mdomo wa birika linalochemka. Karibu kabisa na mdomo kuna nafasi ndogo inayoonekana tupu, kisha ndipo weupe unapoanza. Ile nafasi tupu ndiyo mvuke halisi. Weupe ni matone madogo sana yaliyokwisha kupoa. Vitabu vingi vya watoto huuita ule weupe mvuke, na kosa hilo humfuata mwanafunzi hadi sekondari.

Weupe huo ndio wingu

Ukimaliza na birika, toka nje na mtoto mkatazame angani. Wingu si moshi, si pamba, na si mfuko uliojaa maji unaosubiri kupasuka. Ni matone kama yale ya birika, mengi mno. Tone la kawaida la wingu lina upana wa kama milimita 0.02. Tone la mvua lina upana wa kama milimita 2. Inachukua matone ya wingu yapatayo milioni moja kutengeneza tone moja la mvua. Mtoto hatashika milioni, lakini atashika hivi: chovya kidole ukaache tone moja kwenye kiganja chake, umwambie watoto wengi kuliko wote aliowahi kuwaona walishikana mikono kuwa hili moja.

Matone ya wingu hayaanguki haraka kwa kuwa ni mepesi mno, na hewa inayopanda kutoka chini inayabeba. Yakigongana na kuungana yanakuwa mazito, hewa inashindwa kuyabeba, mvua inanyesha. Watoto hupenda kuuliza kwa nini wingu la mvua ni jeusi. Si chafu. Ni nene, mwanga wa jua haupenyi vizuri hadi chini kwake.

Ukiishi Lushoto, Limuru au Kericho una bahati: ukungu wa asubuhi ni wingu lililokaa chini. Mtoe mtoto nje aende akasimame ndani ya wingu, kisha aguse nywele zake.

Siku ya tatu: bahari ndani ya beseni

Hili ndilo jaribio lenye thamani kubwa kuliko yote, na ndilo linaloharibika mara nyingi zaidi. Linajibu swali ambalo mtoto wa pwani huuliza mapema: kama mvua inatoka baharini, mbona haina chumvi?

Pima nusu lita ya maji ya kunywa ya vuguvugu. Tia kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kilichosawazishwa, koroga hadi iyeyuke. Kipimo hicho kinakaribia chumvi ya bahari yenyewe, ambayo ni kama gramu 35 kwa kila lita. Mtoto aonje tone moja kwa ncha ya ulimi, na asinywe.

Mimina maji hayo kwenye beseni safi. Yawe na kina cha sentimita 2 hivi, yasizidi. Katikati simamisha kikombe kifupi, kizito, safi na kikavu. Mdomo wa kikombe uwe chini ya ukingo wa beseni kwa angalau sentimita 3. Tandaza nailoni juu ya beseni, iwe legelege kidogo, kisha ifunge pande zote kwa kamba au mpira. Weka kokoto moja ndogo juu ya nailoni, sawa kabisa na katikati ya kikombe, ili nailoni izame kama faneli. Isiguse kikombe. Weka juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Baada ya saa moja chini ya nailoni kutakuwa na ukungu. Baadaye ukungu unakuwa matone, matone yanateremka kuelekea kwenye kokoto, yanadondoka kikombeni. Usitarajie kikombe kijae. Vijiko viwili vitatu vya maji ni mafanikio makubwa.

Fungua nailoni taratibu, inua kikombe, pangusa nje yake, kisha mtoto aonje. Hayana chumvi. Onjeni tena ya beseni. Chumvi imebaki huko, na imezidi ukali kidogo. Acha beseni wazi juani siku mbili tatu na mtoto ataona ganda jeupe la chumvi pembeni. Hivyo ndivyo inavyofanyika kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni kaskazini ya Malindi, na pia Bagamoyo: maji ya bahari huingizwa kwenye vidimbwi vipana visivyo na kina, jua na upepo huchukua maji, watu huchota chumvi.

Kikombe kikitoka kikavu, tafuta sababu kwa mpangilio huu. Kwanza kagua ukingo: mvuke ukipata upenyo unatoroka, na ndiyo hitilafu ya kawaida zaidi. Pili, angalia kama kokoto ilihama, matone yakawa yanadondokea beseni. Tatu, kama kikombe ni chepesi kilielea na kulala. Tia mawe mawili safi ndani yake. Nne, nailoni yenyewe inaweza kuwa na joto kiasi kwamba mvuke haupoi. Weka kipande kimoja cha barafu kando ya kokoto, na utaona matone yakiongezeka mbele ya macho yenu. Siku ya mawingu ahirisha tu. Na kama maji ya kikombe yana ladha ya chumvi, beseni lilitikiswa wakati wa kubebwa. Liandae pale pale litakapokaa.

Siku ya nne: chemchemi ndani ya chupa

Mvua imeshanyesha. Michoro mingi hapa huchora mto unaokimbilia baharini na kuishia hapo, wakati sehemu ya maji muhimu sana kwa watu huenda chini ya miguu yetu. Kata chupa ya lita 1.5 sehemu ya bega. Mtu mzima ndiye akate, na ukingo ufunikwe kwa utepe wa gundi. Toboa tundu moja ubavuni kwa msumari, sentimita 3 kutoka chini. Panga ndani kokoto sentimita 5, juu yake mchanga sentimita 5, juu kabisa udongo wa bustani sentimita 3. Usishindilie udongo.

Chukua kizibo cha chupa nyingine, kitoboe matundu matano, jaza chupa hiyo mililita 300 za maji, na mtoto anyeshee mvua pole pole. Mwanzoni hakuna kinachotoka. Mtoto atasema maji yameisha tena, na hii ni nafasi ya kuona kama siku ya kwanza ilimwingia. Mwonyeshe mstari wa unyevu ukishuka ubavuni mwa chupa: udongo, mchanga, kokoto. Maji yanajikusanya chini, yanapanda, yakifika kwenye tundu yanachuruzika nje. Hiyo ni chemchemi. Mtu akichimba shimo hadi penye maji hayo, amechimba kisima.

Yakitoka machafu, usijali. Mchanga na kokoto zilikuwa na vumbi lake. Nyeshea mara ya pili na ya tatu, yatazidi kung'aa. Usimwambie mtoto kwamba maji ya chemchemi ni salama kunywewa bila kuchemshwa, maana mchanga huzuia uchafu unaoonekana tu. Kisha rudia jaribio na udongo ulioshindiliwa kwa ngumi. Maji yatasimama juu na kumwagikia pembeni, kama yanavyofanya kwenye barabara na uwanja uliokanyagwa, na ndiyo mafuriko ya mtaani yanavyoanza.

Safari moja ya kweli

Sasa mtoto ana vipande vyote. Vifunge kwa safari moja ya mahali halisi. Iliyo nzuri sana iko Kenya, na inaanzia na kuishia baharini.

Jua linapiga Bahari ya Hindi mbele ya Malindi. Mvuke unapanda, chumvi inabaki. Mwingi wa mvuke wa bahari hurudi baharini kama mvua, lakini sehemu yake upepo huusukuma bara, juu ya nyika ya Tsavo, hadi kwenye vilima vya Chyulu ambavyo vimefikia zaidi ya mita 2,100. Hewa inalazimika kupanda, na kila ikipanda mita 1,000 inapoa kwa nyuzi kama 6 hadi 10 za Selsiasi. Vilima vinafanya kazi ya barafu kwenye glasi. Mawingu yanajikusanya, misitu ya juu inalowa ukungu, na mvua za vuli, hasa Novemba na Desemba, zinanyesha.

Lakini Chyulu hakuna mto unaotiririka juu yake. Vilima ni vya volkano, mwamba wake una matundu mengi, na mvua inazama kama kwenye chupa yetu. Inasafiri gizani kwa kilomita nyingi, kisha inaibuka Chemchemi za Mzima, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Maji yake ni maangavu kiasi cha kuona viboko wakitembea chini. Kutoka hapo njia zinagawanyika. Baadhi huingia kwenye bomba la zaidi ya kilomita 200 hadi kwenye mifereji ya Mombasa. Mengine huingia Mto Tsavo, unaoungana na Athi kuwa Galana, ambao ukikaribia pwani huitwa Sabaki, na kumwaga baharini kaskazini ya Malindi. Wakati wa mvua nyingi bahari ya pale hugeuka rangi ya udongo, na mtoto wa Malindi anaweza kuuona mwisho wa safari kwa macho yake.

Ukiwa Mwanza, Kisumu au Entebbe, tumia Ziwa Victoria. Sehemu kubwa kabisa ya maji yake huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa huondoka kwa kupanda kuwa mvuke, si kwa kutoka na Mto Nile kule Jinja.

Mchoro sasa ndiyo uchorwe, na mtoto mwenyewe auchore: bahari, jua, wingu, kilima, mvua, maji ya chini, chemchemi, mto. Usimzuie akiongeza mishale ya njia za mkato. Tone linaweza kunyesha na kupanda tena siku hiyo hiyo kutoka kwenye jani, au kukaa ardhini miaka. Mchoro wenye mshale mmoja tu wa duara unamfundisha kwamba kila tone lina ratiba, na si kweli. Kuhusu majani, funga mfuko angavu wa mkate kwenye tawi la mwembe kwa saa tatu za jua, na mtoto ataona kwamba miti nayo inapandisha maji. Usisahau kuufungua, ukibaki siku nzima majani yanaungua.

Akiuliza kama mvua inatoka kwa Mungu, huna haja ya kumpinga wala kubadilisha mada. Mwambie tunajifunza njia ambayo mvua hupitia, na familia yenu iendelee kumwambia inachoamini.

Wiki mbili baadaye mpe mtoto kitambaa kilicholowa akianike, na umuulize: "Maji haya yatakwenda wapi?" Akisema yataisha, rudieni kidimbwi kile chenye bakuli. Akisema yataenda kwenye jua, rudieni glasi ya barafu, ajue yanakaa hewani karibu nasi. Akisema yataenda kuwa wingu, muulize swali la pili: "Na kabla ya kuwa kwenye kitambaa, yalikuwa wapi?" Akianza kukutajia mfereji, bomba, kisima, mvua, akirudi nyuma hatua kwa hatua, usimkatize hata akikosea jina la mto.